Mnara wa Beit-al-Ajaib na Hukumu ya Fundi wa Chokaa

Mnara wa saa wa Beit-al-Ajaib mjini Zanzibar, ulioporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jengo inayotazama bahari ya Forodhani, haukuwamo katika jumba alilolijenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Mnara wa awali ulisimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, hadi tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipoyapiga majumba hayo kwa mizinga katika vita ambavyo havikufika saa moja. Mnara mpya uliunganishwa na uso wa Beit-al-Ajaib mwaka 1897, nao ukazoeleka kiasi kwamba vizazi vilivyofuata viliuhesabu kuwa wa asili. Kilichoanguka mwaka 2020, basi, kilikuwa chenyewe ni zao la matengenezo, na anayetaka jumba lirudishwe kama lilivyokuwa hana budi kueleza anakusudia lilivyokuwa lini.

Jumba hilo, ambalo baada ya kuwa la kifalme lilikuwa ofisi za serikali ya kikoloni na hatimaye makumbusho, lilianguka kazi za ukarabati zilizogharimiwa na Oman zikiwa zinaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Vifo hivyo vinampa uzito anayesema kwamba jengo lililochoka libomolewe na mahali pake pasimamishwe jipya lililo salama. Hata hivyo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilimo jumba hilo, uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa sababu ya majengo yake, na Beit-al-Ajaib ndilo refu na mashuhuri kuliko mengine.

Kati ya anayetaka kubomoa na anayetaka kuhifadhi, anayestahili kusikilizwa kwanza ni fundi wa chokaa, kwa kuwa elimu yake inahusu kile hasa kinachozishikilia kuta. Chokaa ya pwani hutokana na mawe ya matumbawe yanayopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Yakiisha kuungua hutiwa maji, yakatoa joto kali na kuvunjika, kisha chokaa huachwa iive kabla ya kuchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ikishapakwa, hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na hata ikishakuwa ngumu huruhusu unyevu upite. Saruji hufanya kinyume: hukazana upesi, huufungia unyevu ndani ya ukuta, na chumvi iliyomo huyala matumbawe hadi lipu ikabanduka na jiwe juu yake. Kwa fundi huyo, tofauti kubwa zaidi ni kwamba chokaa yake inaweza kukwanguliwa na kupakwa upya bila kuliumiza jiwe, ilhali saruji haitoki bila kuondoka na sehemu ya ukuta. Kipimo chake cha kazi njema, kwa hiyo, ni kama fundi atakayekuja baadaye ataweza kuirekebisha.

Kipimo hicho kinaibana Beit-al-Ajaib kuliko nyumba za kawaida. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti, yaani nguzo za mikoko zinazobeba dari. Barghash alitaka kumbi pana na roshani zinazozunguka jengo, akatumia nguzo za chuma na mabamba ya zege pamoja na matumbawe. Maji ya mvua yakipenya paani hadi kwenye chuma, kutu huzaliwa, nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikaupasua ujenzi ulio jirani nayo. Hapo ujuzi wa chokaa peke yake hautoshi.

Swali la kujenga upya kilichoanguka limewahi kujibiwa kwa njia tofauti: katika mji huuhuu, Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kifalme, iliyobomolewa na mizinga ileile ya 1896, haikujengwa tena, na uwanja wake ukawa bustani. Venice, mnara wake mkuu ulipoanguka mwaka 1902, iliusimamisha upya mahali palepale, ukakamilika mwaka 1912. Uamuzi wa Zanzibar haupaswi kufungwa na swali la ukale, kwa maana mnara wa 1897 umekwisha kuonyesha kwamba kipande kipya huweza kuwa urithi. Unapaswa kufungwa na kipimo cha fundi. Je, mhandisi wa chuma na fundi wa chokaa watapewa sauti sawa? Nani atakagua paa kila baada ya masika, wafadhili wakishaondoka? Na vijana wa Unguja watafundishwa wapi kuchoma matumbawe, ikiwa kila ukuta mpya kisiwani unajengwa kwa saruji?