Jiko la Nyumba ya Kupangisha: Litengenezwe Kadiri Gani?

Leo twapenda kusema habari ya jiko la uani katika nyumba ya kupangisha, yaani nyumba ya Kiswahili kama zile za Kariakoo na Magomeni: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kila chumba kina watu wake, lakini jiko ni la wote. Na kwa kuwa ni la wote, hakuna alitunzaye.

Nasi tulirithi nyumba ya namna hiyo kwa mjomba wetu. Fundi tuliyemwita alitushauri tubomoe jiko lote, tujenge jipya lenye vigae ukutani na karo sita. Ndugu yetu mmoja akasema kwamba, madhali wapangaji hawakulalamika, tusitoe hata senti. Tulipowaza tukaona ya kuwa wote wawili hawakuuliza jambo moja: je, watu wale hupikaje?

Basi tulikwenda kutazama wakati wa masika. Mabati yalikuwa yametoboka, mvua yaingia, na kila mama amechukua jiko lake la makaa akapikia chumbani, mlango umefungwa. Hii ni hatari kubwa. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni; mtu huumwa kichwa, hulegea, kisha hulala asiamke. Kwa hiyo paa lilitangulia kazi zote, si kwa ajili ya uzuri, bali kwa sababu jiko livujalo huwarudisha watu vyumbani.

Moshi nao usidharauliwe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani. Moshi hupanda juu, kwa hiyo dirisha peke yake halitoshi. Yapasa kuacha nafasi wazi chini ya paa. Tena iachwe pande mbili zinazokabiliana, maana katika pwani yetu kusi huvuma katikati ya mwaka, na kaskazi huja mwishoni mwa mwaka hata mwezi wa Machi. Tundu la upande mmoja hutoa moshi msimu huu, huurudisha msimu ule.

Sakafu iwe ya saruji, nayo iinamie mchirizi. Mchanga usichotwe pwani, kwani chumvi yake huvuta unyevu na lipu hubanduka. Kuta zatosha kupakwa chokaa: masizi yatazichafua, ndiyo, lakini chokaa ni rahisi, na jiko lenye nuru hufagiwa.

Sasa hesabu. Tuseme kazi hizi zagharimu shilingi 900,000. Ukiongeza kodi shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila chumba, vyumba sita vyaleta 30,000, na fedha yako hurudi kwa miezi 30. Jiko la yule fundi tuseme ni shilingi 3,600,000. Kwa nyongeza ileile utangoja miaka 10. Ukitaka zirudi kwa miezi 30, huna budi kuongeza 20,000 kila chumba. Mama lishe alipaye kodi ya miezi sita kwa mara moja ataambiwa alete 120,000 zaidi siku moja. Atazitoa wapi? Atahama, na chumba cha shilingi 50,000 kikikaa kitupu mwezi mmoja, kimekula nyongeza ya chumba kimoja ya miezi miwili na nusu. Vigae vyapendeza, hatukatai. Lakini hatujapata kumwona mpangaji aliyehamia kwa ajili ya vigae vya jiko la watu sita.

Kazi tuliianza mwezi wa Juni, masika yalipokwisha, ili wapangaji wapikie uani pasipo shida zile siku saba ambazo sakafu ilikuwa ikimwagiwa maji ipate kukomaa. Tuliwaarifu mwezi mmoja mbele. Mama wa chumba cha nyuma alituomba jambo moja tu ambalo sisi hatukulifikiri, nalo ni ubao wa kuwekea sufuria, watoto wasizifikie. Ukapigwa misumari siku ileile.