Wanja wa Magurudumu

Avukaye daraja la Mto Tana kutoka Garissa huingia Madogo. Kabla ya serikali za kaunti kuja mwaka 2013, hapo ndipo Mkoa wa Pwani ulipoanzia, na hata leo nikiukanyaga udongo ule hujihesabu nimefika kwetu, ingawa bahari iko mbali. Njia mbili hukutana hapo: moja yaenda Bangale na Mwingi mpaka Thika na Nairobi, nyingine yateremka Bura na Hola mpaka Garsen. Gari lifikapo Madogo huwa limekula vumbi au tope la kutosha, na kando ya barabara wapo vijana wenye madumu ya maji, sabuni ya unga na burashi wakilingoja. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuitazame kazi yao, hasa ile ya magurudumu.

Udongo wa bonde la Tana ukilowa hunata, ukikauka huwa jiwe. Hujikusanya ndani ya rimu, upande usioonekana, gurudumu likawa zito upande mmoja. Dereva akishika mwendo, usukani humtetemeka mikononi, akakimbilia kwa fundi. Kumbe dawa ni maji na kijiti cha kuchokorea. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yalipoikata barabara hapo baina ya Garissa na Madogo, tope hilo lilizidi kipimo. Malori yenye magurudumu pacha nayo hubana mawe katikati, na jiwe likizunguka humo hula ubavu wa tairi. Kisha uko mti wa mathenge. Asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Uliletwa pwani mwaka 1973 kupandwa kwenye machimbo ya Bamburi, ukafika Bura na Hola miaka ya 1980, na sasa umetwaa kingo za Tana. Mwiba wake huchoma kwato za mifugo, seuze mpira.

Kwa hiyo muosha gurudumu ni mganga wa kwanza wa gari, mradi atazame kabla ya kumwaga maji. Nati iliyolegea aghalabu hutoa mchirizi wa kutu kwenye rimu. Ukiuosha bila kuuona, umefuta ushahidi. Unyevu wa mafuta upande wa ndani ni dalili kwamba breki au grisi yavuja. Wala gurudumu lililotoka safari ndefu lisimwagiwe maji papo hapo, kwani chuma cha breki kilichopata moto kikipigwa maji baridi chaweza kupinda au kupasuka. Keti unywe chai yako kwanza.

Likishaoshwa ndipo hupakwa kile ninachokiita wanja: kitu cheusi, matairi yang'are kama macho ya bibi arusi. Sina ugomvi na urembo. Wazee wetu wa Lamu walizichora macho omo za mitepe yao. Ugomvi wangu ni kwa kipakwacho, nacho mara nyingi ni oili chafu iliyotolewa kwenye injini, au dizeli. Mpira haupatani na mafuta hayo: huyanyonya, ukavimba, ukalegea. Watengenezaji huutia nta na dawa za kuukinga na hewa, ambazo hupanda juu polepole zikawa kama ngozi. Ule ukahawia unaotuudhi kwenye tairi ni sehemu ya kinga hiyo, na dizeli huiondoa.

Hata weusi wenyewe haukuanza kwa ajili ya pambo. Matairi ya kwanza yalikuwa meupe-meupe, ndiyo maana yule mtu wa matairi wa Michelin, aliyebuniwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo. Masizi yalitiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwa huupa mpira nguvu.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni ghushi. Oili chafu huficha umri. Nimeonyeshwa tairi kuukuu la kuuzwa, jeusi linawaka; nikalipangusa kwa kitambaa, vidole vikapita juu ya nyufa kama za kisigino cha mkulima. Tairi hilo lafungwa kwenye matatu ya watu 14, lapelekwa lami ya Bangale saa saba za mchana! Nikalikumbuka lile lundo la nafaka sokoni, ambalo Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke unyevu juu watu wakauona.

Mnunuzi asitazame weusi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa herufi za DOT, mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin wenyewe husema tairi lisipite miaka 10 tangu kutengenezwa, hata likionekana zima.

Kijana mmoja nilimwuliza mbona hapaki dawa ya haki. "Mzee wangu, ya dukani ni ghali, na mteja asipoona weusi halipi," akanijibu. Naye ana haki yake. Basi, mwanangu, maji na sabuni laini. Lisugue, likauke, ulikague. Ukipata dawa ya kung'arisha iliyochanganywa na maji, paka kidogo ubavuni tu, upanguse inayozidi. Kwenye meno ya tairi usiiguse, na kwa pikipiki ya bodaboda ni afadhali uiache kabisa, maana hulala ubavu akatapo kona.

Oili chafu itiwe dumuni. Ikimwagwa pale ukingoni huteremka na mto mpaka mashamba ya Wapokomo, Hola na Garsen, ambako wako wanaoyateka maji hayo hayo kunywa.