AOSHWE KWANZA NJE, NDIPO AINGIE NDANI

Ndugu msomaji, tuchukue mfano. Mkulima anapulizia dawa ya wadudu katika shamba lake la pamba. Bomba linavuja. Dawa inamlowesha mgongo mzima. Yeye anaendelea na kazi tu, maana anataka kumaliza kabla jua halijawa kali. Baadaye kichwa kinamwuma. Jasho linamtoka, mate yanamjaa mdomoni, anatapika. Pumzi inakuwa ya shida. Ndugu zake wanampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati.

Mganga anawapokea nje. Anasema, "Mlazeni hapa chini ya mwembe. Msimwingize ndani kwanza."

Mke wa mgonjwa anakasirika. "Mganga, mtu anakufa na wewe unatuzuia mlangoni?"

"Simzuii, mama. Matibabu yanaanza hapa hapa. Nguo hizi ndizo zinazomwua."

Je, mganga amekosa? La, hakukosa. Tuone kwa nini.

SUMU HUSAFIRI NA MGONJWA

Dawa nyingi za wadudu hazipiti mdomoni tu. Hupita kwenye ngozi pia. Nguo iliyolowa ikibaki mwilini, sumu inaendelea kuingia, hata kama mgonjwa amechomwa sindano.

Tena sumu hiyo haimkai mgonjwa peke yake. Humpata aliyembeba. Humpata muuguzi anayemshika. Mvuke wake waweza kujaa chumbani kama moshi wa kuni, ukampata na mgonjwa wa kitanda cha pili. Basi mgonjwa mmoja anakuwa wagonjwa wanne, na mganga akiugua, nani atawatibu?

YALIYOTOKEA JAPANI

Jambo hili limetokea hata katika nchi tajiri. Tarehe 20 Machi 1995, katika mji wa Tokyo nchini Japani, watu wa kundi moja la dini walimwaga sumu iitwayo sarini ndani ya treni za chini ya ardhi. Watu zaidi ya 10 walikufa. Zaidi ya 5,000 walikwenda kutafuta matibabu. Wengi hawakungoja gari la wagonjwa. Walikwenda kwa miguu au kwa teksi.

Hospitali moja ya karibu, iitwayo St. Luke's, ilipokea wagonjwa 640 siku ile. Mwanzoni haikujulikana ni sumu gani. Wagonjwa waliingia ndani na nguo zao, wengine wakalazwa hata katika kanisa la hospitali. Mvuke ukatoka katika nguo zile. Baadaye wafanyakazi wa hospitali walipoulizwa, 110 walisema kuwa na wao waliumwa. Wengine waliumwa macho, wengine kichwa, wengine koo.

Sarini ina undugu na baadhi ya dawa zetu za wadudu, zile za kundi la oganofosfeti. Zote huharibu kazi ya mishipa ya fahamu, na zote hutibiwa kwa dawa moja iitwayo atropini. Kwa hiyo funzo la Tokyo ni letu pia.

HOSPITALI IJIANDAE VIPI?

Maandalizi hufanywa kabla ya mgonjwa kufika. Hayahitaji mashine kubwa.

1. Patengwe mahali pa kuoshea nje, penye hewa, karibu na mlango. Pawe na maji mengi, sabuni na ndoo.

2. Pazungushiwe pazia au mkeka. Wanaume na wanawake waoshwe mbalimbali. Mtu asivuliwe nguo mbele ya watu, atakataa.

3. Wauguzi wawe na glovu nene za mpira, aproni ya plastiki na mabuti. Glovu nyembamba hazitoshi. Wavae kwanza, ndipo wamshike mgonjwa.

4. Mgonjwa avuliwe nguo zote. Hapo sehemu kubwa ya sumu imeondoka. Kisha aoshwe kwa sabuni na maji mengi: nywele, nyuma ya masikio, makwapani na kwenye kucha. Kama dawa imeingia machoni, yaoshwe kwa maji safi tu, kwa dakika 15.

5. Nguo zifungwe katika mfuko wa plastiki. Maji machafu yasielekee kisimani wala mtoni.

6. Atropini iwepo kabatini, na wafanyakazi wafanye mazoezi. Mgonjwa aliyeishiwa pumzi hangoji kuoshwa. Asaidiwe kupumua wakati huo huo anapovuliwa nguo.

NA SISI KIJIJINI?

Kazi ya kwanza ni yetu, maana zahanati yaweza kuwa mbali. Mwondoeni mgonjwa kwenye dawa. Jikingeni mikono, hata kwa mifuko ya plastiki. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni, mvisheni nguo safi au kanga. Fanyeni haraka, kisha msafirisheni. Msimtapishe. Chukueni kopo la dawa, likiwa limefungwa ndani ya mfuko, ili mganga asome jina lake.

Basi siku mganga akisema, "Ngojeni hapo nje," msigombane naye. Chukueni ndoo, mkateke maji.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wafanyakazi wa hospitali ya Tokyo waliumwa?
2. Zahanati yenu ina mahali pa kuoshea nje? Kama hapana, kijiji kifanye nini?
3. Nyumbani kwako, nguo za kupulizia dawa hufuliwa na nani, na pamoja na nguo zipi?