Watoto wa Ziwa Volta

Wakati unamwamsha mwanao alfajiri ajiandae kwenda shule, huko Ghana, Afrika Magharibi, yuko mtoto wa umri huohuo ambaye tayari yumo mtumbwini, akichota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje.

Ziwa Volta halikuwako zamani. Lilitokana na bwawa la Akosombo, lililokamilika mwaka 1965. Maji yalifunika vijiji na misitu, na watu wapatao 80,000 wakahamishwa. Miti mingi haikukatwa. Hadi leo visiki vimesimama chini ya maji, na nyavu hunasa humo. Anayetumwa kupiga mbizi kuzinasua mara nyingi ni mtoto, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba na halipwi. Wengine hawaibuki. Wengine huugua kichocho, na shule huisikia tu.

Walifikaje huko? Wengi hutoka miji ya pwani kama Winneba, ambako samaki wa baharini wamepungua. Huja mtu, pengine ni ndugu kabisa, akiwa na fedha kidogo na ahadi nyingi: mtoto atasoma, atafundishwa kazi. Mama aliyefiwa au kuachwa na mume, mwenye watoto watano na sufuria tupu, hukubali. Tena kulea mtoto wa ndugu ni desturi yao ya heshima tangu zamani, kama ilivyo kwetu (nasi tunawajua mabinti waliochukuliwa kijijini "wakasomeshwe" mjini, wakaishia jikoni). Udanganyifu hupitia mlango huohuo.

Nilipoanza kuandika habari hizi nilitaka kuwalaumu akina mama hao. Kisha nikamkumbuka mama yake Musa. Naye alimweka mwanawe majini, maana nyumbani hapakuwa salama tena. Lakini binti yake alisimama kando ya mto aone yatakayompata. Mama wa Winneba hana wa kumwangalizia. Ziwa liko mbali, nauli hana.

Sheria ya Ghana ya mwaka 2005 inakataza biashara hiyo ya watu, ila sheria haijazi sufuria. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilipoanza kuwarudisha watoto hao makwao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, liliwapa wazazi mtaji wa biashara ndogo, na wavuvi mafunzo ya kazi nyingine. Kwa mama wa pwani, mtaji waweza kuwa beseni moja tu la samaki wa kukausha kwa moshi.