Dolari chini ya tochi ya violeti: juu ya nini uzi wake unawaka?

Mu masoko na kando ya barabara za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, wakaaji wamezoea kuona jambo hili. Mutu analeta noti ya dolari 100. Kambisti anaipapasa, anaigeuza, anaiinua mbele ya jua, kisha anaifunika na mukono ili kutengeneza giza kidogo na kuwasha tochi ndogo ya mwangaza wa violeti. Mbele ya dakika moja kuisha, jibu limetoka: «Hii ni muzuri» ao «Hii siikamate».

Kwa mwenye noti, hilo jibu ni zito. Dolari 100 inaweza kuwa feza ya masomo ya mutoto, kodi ya nyumba ao mutaji wote wa mama anayeuza bidhaa ku soko. Noti ya uongo ikiisha kuingia mu mufuko wako, hakuna mutu wa kukurudishia hasara. Lakini kuko hasara ingine ambayo watu wanaongelea kidogo: noti ya kweli inayokataliwa bure, juu mwenye tochi hajue kile anachotafuta. Ili kuepuka hizo hasara mbili, inafaa kuelewa ile tochi inafanya nini.

Mwangaza ambao macho hayauone

Mwangaza wa jua uko na rangi nyingi. Zile ambazo macho yetu yanaona zinaanza ku nyekundu na kufika ku violeti. Lakini ngambo ya violeti kuko mwangaza mwengine wenye nguvu zaidi, ambao macho ya mutu hayawezi kuona. Unaitwa ultravioleti. Ni huo unaochoma ngozi ya mutu akikaa ku jua siku nzima. Tochi ya kambisti inatoa huo, pamoja na violeti kidogo tunayoiona.

Ultravioleti ikigonga vitu vingi, kama vile chuma ao udongo, nguvu yake inamezwa na kugeuka joto kidogo. Mambo yanaishia pale. Lakini kuko vitu ambavyo vikimeza hiyo nguvu vinairudisha palepale ikiwa mwangaza wa bluu, wa majani, wa manjano ao mwekundu, ambao macho yanaona. Wenye elimu wanaita jambo hilo fluoresensi.

Mufano uko kwa kambisti mwenyewe. Unamupa noti kubwa, anakata faida yake, anakurudishia feza kidogo kuliko ile ulileta. Fluoresensi inafanya vile vile. Kitu kinapokea mwangaza wenye nguvu kubwa, kinabakisha sehemu moja kama joto, na kutoa mwangaza wenye nguvu kidogo. Ndiyo sababu ultravioleti inaingia bila kuonekana, na bluu ao roza inatoka. Ndani ya kitu hicho, kazi inafanywa na elektroni, chembe ndogo sana zilizo ndani ya atomu: zinapokea nguvu, zinapanda, kisha zinashuka na kutoa mwangaza. Hayo yote yanapita haraka sana, mara nyingi mu sekunde moja iliyogawanywa mara milioni mia kazaa.

Basi, juu ya nini karatasi moja inawaka na ingine haiwake? Inategemea namna molekuli zake zimejengwa. Molekuli nyingi zikipokea nguvu zinatikisika, na nguvu yote inapotea mu joto. Zingine zimefungwa imara, hazitikisike sana. Nguvu inakosa njia ingine na inatoka kama mwangaza.

Kinini ya Kivu na profesa wa Cambridge

Jina la fluoresensi lilitolewa mu mwaka 1852 na George Gabriel Stokes, muzaliwa wa Irlandi aliyekuwa profesa ku Cambridge, mu Uingereza. Alilikamata ku jina la jiwe fulani, fluorini, ambalo linaweza kuonyesha jambo hilo. Lakini kitu kimoja alichochunguza sana kinajulikana muzuri mu Kivu: ni kinini, dawa ya malaria. Maji yaliyotiwa kinini hayana rangi, lakini ultravioleti ya jua ikiyagonga, yanatoa bluu.

Kinini inatoka mu maganda ya muti wa kenkina. Muti huo umelimwa mu milima ya Kivu tangu miaka mingi, na mu muji wa Bukavu kiwanda cha Pharmakina kinatengeneza kinini kutokana na hayo maganda. Mwenye kuwa na tochi ya ultravioleti anaweza kujionea mwenyewe: aweke mu giza chupa ya soda ya tonik yenye kinini, awashe tochi, ataona bluu ndani ya chupa.

Haifae kuchanganya jambo hili na mwangaza wa kimulimuli. Kimulimuli anatengeneza mwangaza wake mwenyewe ndani ya mwili. Kitu cha fluoresensi kinahitaji kumulikwa. Ukizima tochi, kinazimika papo hapo. Vile vitu vinavyobaki kuwaka mu giza kisha taa kuzimika, kama mishale ya saa fulani, ni ndugu za fluoresensi: vinarudisha mwangaza polepole.

Ni nini inapashwa kuwaka ku dolari?

Watu wengi wanafikiri kwamba noti inayowaka ndiyo ya kweli. Wengine wanafikiri kinyume. Ukweli ni kwamba karatasi ya dolari haipashwe kuwaka, lakini uzi wake unapashwa kuwaka.

Karatasi ya dolari inatengenezwa na pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25. Haitiwe dawa ya kung'arisha. Karatasi ya kawaida, ile ya daftari ao ya mashini ya kuchapisha, mara nyingi imetiwa hiyo dawa ili ionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo ni ya fluoresensi. Kwa hiyo noti iliyochapishwa ku karatasi ya kawaida inang'aa bluu kila mahali chini ya tochi. Ile ya kweli inabaki nyeusi-nyeusi.

Uzi uko ndani ya karatasi ya dolari 5, 10, 20, 50 na 100. Noti ya dolari 1 na ya dolari 2 haziko na uzi. Kila noti iko na rangi yake chini ya ultravioleti: ya 5 inawaka bluu, ya 10 rangi ya machungwa, ya 20 rangi ya majani, ya 50 manjano, ya 100 roza. Rangi hizo zilianza na noti za muundo wa 1996 na zile zilizofuata. Zile za zamani, za kichwa kidogo, haifae kuzihukumu kwa rangi ya uzi.

Rangi ndiyo inakamatisha wezi fulani. Kuko wanaosafisha noti ya kweli ya dolari 5 mupaka wino utoke, kisha wanachapisha 100 juu yake. Karatasi ni ya kweli, haiwake. Mukono unapapasa na kuitambua. Lakini uzi wake utawaka bluu, hautawaka roza. Kama walitumia noti ya dolari 1, hakutakuwa uzi hata kidogo. Kambisti anayeangalia tu kama karatasi inawaka atadanganywa. Anayeangalia rangi ya uzi hatadanganywa na mutego huo.

Noti iliyofuliwa ndani ya suruali

Sasa upande wa pili. Noti ya kweli inasahauliwa mu mufuko wa suruali na inafuliwa na sabuni ya unga. Sabuni nyingi za unga ziko na dawa ileile ya kung'arisha. Ndiyo sababu shati nyeupe linawaka bluu mu sale za dansi zenye taa za violeti. Sehemu ya dawa hiyo inashika ku noti, na karatasi inaanza kung'aa kama ya uongo. Mwenye noti anaambiwa: «Hii ni bandia». Lakini iko ya kweli.

Mbele ya kuikataa, inafaa kuangalia alama zingine ambazo sabuni haiwezi kuongeza:

– Uzi: uinue noti mbele ya jua. Uzi unapashwa kuwa ndani ya karatasi na kuonekana pande zote mbili, na ku ya 100 unasomeka USA na 100. Muchoro uliopakwa juu tu na wino unaowaka hautoshe.

– Sura ya kivuli: mbele ya jua, ku noti ya 100, sura ya Franklin inaonekana upande wa kuume. Kama ni sura ingine, acha.

– Wino unaobadilika: ku noti mupya ya 100, iliyoanza kutumiwa tarehe 8 Oktoba 2013, namba 100 ya pembeni, chini kuume, inatoka rangi ya shaba na kuwa ya majani ukiiinamisha.

– Kanda ya bluu: ku noti hiyohiyo, kanda imefumwa ndani ya karatasi. Ukiyumbisha noti, vikengele na namba 100 vinatembea.

Tochi ya telefone haiwezi kufanya kazi hiyo, juu karibu haina ultravioleti. Tochi za bei ndogo nazo zinatoa violeti nyingi inayofunika rangi ya uzi. Zile zenye kuandikwa 365 nm zinaonyesha muzuri zaidi. Fanya giza, na usielekeze tochi ku macho yako ao ya watoto: macho hayauone huo mwangaza, lakini unaweza kuyaumiza.

Mwangaza uleule ku hospitali

Fluoresensi haitumikie feza tu. Mu laboratuare nyingi, makohozi ya mugonjwa anayezaniwa kuwa na kifua kikuu yanapakwa rangi inayoitwa oramini. Mikrobe ya kifua kikuu inashika hiyo rangi, na chini ya mikroskopi ya pekee inawaka manjano mu giza. Mufanyakazi anaiona haraka kuliko kwa njia ya zamani. Mu mwaka 2011, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilishauri mikroskopi za LED za namna hiyo zitumiwe.

Mashini ya GeneXpert, iliyotumiwa kupima Ebola mu Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, nayo inafanya kazi hivyo: mwangaza wa fluoresensi ukipanda, mashini inajua kwamba alama za virusi zimepatikana.

Ku soko na ku hospitali, mwangaza hauseme wenyewe «ni kweli» ao «ni uongo». Unasema tu kwamba kitu fulani kiko pale: rangi ya uzi, dawa ya sabuni, ao mikrobe iliyopakwa oramini. Kwa hiyo, mutu akikwambia noti yako ni bandia, umuulize kwa upole: ni nini imewaka, karatasi ao uzi? Na uzi umewaka rangi gani?