Santuri: Mtambo Uliovusha Sauti Kutoka Visiwani Hadi Ukambani

Katika mji wa Wote, ulio makao makuu ya Kaunti ya Makueni, muziki wa Kikamba husikika madukani, hotelini na katika matatu. Gitaa hutangulia, ngoma hufuata, kisha mwimbaji hueleza mambo ya mapenzi, ya mavuno au ya ukwe. Wengi wausikiao hudhani kwamba muziki huo umeota papo hapo, kama mbaazi shambani. Shina lake ni la nchi hiyo kweli, lakini chombo kilichoufanya udumu na kusafiri kilitoka mbali, na mmoja wa milango yake ya kwanza katika Afrika Mashariki ulikuwa kisiwa.

KAZI YA SINDANO NA KIWAMBO

Mtu wa kwanza kuunda mtambo ulioweza kuishika sauti na kuirudisha ni Thomas Edison wa Marekani, mwaka 1877. Alitumia gogo dogo la chuma lililozungushiwa karatasi nyembamba ya bati. Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alibuni njia ya kutumia bamba la duara mahali pa gogo. Bamba hilo ndilo lililokuja kuitwa sahani ya santuri.

Siri ya mtambo huo si ngumu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mwimbaji aimbapo, hewa hutikisa kiwambo chembamba; kiwambo hutikisa sindano; na sindano huchora mfereji mwembamba unaoyumba kwa kadiri ya sauti. Wakati wa kucheza, mambo hugeuzwa: mfereji huitikisa sindano, sindano hutikisa kiwambo, nacho hutikisa hewa, na sauti ile ile husikika tena.

Gramafoni ya zamani haikuhitaji umeme wala betri. Ndani yake mlikuwa na kamani, kama ile ya saa, iliyokazwa kwa mkono. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua wimbo wa dakika 3 hivi. Kwa hiyo waimbaji waliozoea kuimba usiku kucha walilazimika kufupisha nyimbo zao, na desturi ya wimbo mfupi imebaki hata leo.

Sahani hizo za kwanza zilitengenezwa kwa unga wa mawe uliochanganywa na utomvu wa wadudu wadogo wa India. Utomvu huo ndio uliotiwa pia katika lakiri za kupigia mihuri barua za serikali. Sahani zilikuwa nzito, tena zikianguka zilipasuka kama vigae.

KISIWA CHA UNGUJA NA SAUTI YA SITI

Kisiwa cha Unguja kina eneo la kilomita za mraba 1,650 hivi, na kati yake na bara pana kiasi cha kilomita 35. Bahari ya hapo si ya kina kikubwa. Zamani sana, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilishuka na Unguja ikaungana na bara. Pemba haikuwa hivyo, kwa maana mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Ndiyo sababu chui alikuwa mnyama wa Unguja, lakini Pemba hakuwa na chui wake.

Jambo jingine lililoipa Unguja sifa ni pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, na kusi ikayarudisha. Pamoja na tende, nguo na karafuu, majahazi yalipitisha pia ala na mitindo ya muziki. Hivyo udi, fidla na kanuni vilikutana na lugha ya Kiswahili, na taarabu ikakua.

Katika kisiwa hicho, kijijini Fumba, alizaliwa Siti binti Saad yapata mwaka 1880. Alikuwa mtoto wa watu maskini, naye aliuza vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zao zilienea katika Afrika Mashariki, na watu ambao hawakupata kumwona mwimbaji wakaijua sauti yake. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Walakini hata asiyesoma wasifu huo aweza kumsikia Siti leo, kwa sababu mfereji wa santuri uliihifadhi sauti yake.

NJIA YA KUFIKA UKAMBANI

Njia baina ya pwani na Ukambani ni ya kale kuliko santuri. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani, na Kivoi wa Kitui alikuwa miongoni mwa wafanyi biashara wakubwa wa njia hiyo. Baadaye ilikuja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa, ambayo nayo ni kisiwa, mwaka 1896, na reli ikafika Nairobi mwaka 1899 baada ya kupita Kibwezi na Makindu. Kituo cha Sultan Hamud, mpakani mwa Makueni na Kajiado, kina jina la Sultani Hamoud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Hivyo jina la mtawala wa kisiwa limekaa katika nchi kavu ya Ukambani.

Sahani nyepesi za plastiki, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilitokea Marekani mwaka 1949. Hizo ndizo zilizouchukua muziki wa magitaa wa Kenya. Benga, iliyochipuka kwa Wajaluo, ilipata ladha nyingine mikononi mwa Wakamba. Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Peter Mwambi aliongoza Kyanganga Boys. Na Kalambya Sisters wakavuma katika miaka ya 1980.

SIFA BILA MALIPO

Lakini mtambo unaoeneza sauti waweza pia kumponza mwenye sauti. Wimbo wa Malaika ni mfano mkubwa. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka ng'ambo, na mwaka 1981 kundi la Boney M. likautoa tena. Dunia nzima iliujua wimbo huo, lakini utunzi wake umegombewa, na wengine humtaja Adam Salim. Palipokosekana maandishi ya mapema, ushindani haukwisha.

Kanda za kaseti, zilizoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, zilizidisha taabu. Kunakili sahani kulihitaji kiwanda, lakini kunakili kanda kulihitaji mashine mbili tu mezani. Wimbo ulivuma sokoni huku mtunzi akikosa hata senti.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987. Basi nyimbo alizotunga zina ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2037. Mjane au mtoto wa mwanamuziki asiyelijua jambo hilo aweza kuacha mali yake iliwe na wengine.

SAHANI ZILIZO SANDUKUNI

Katika nyumba nyingi za Ukambani zingali zipo sahani za wazee, aghalabu katika sanduku chini ya paa la mabati. Joto huzipinda, na vumbi hukwaruza mifereji. Afadhali zisimamishwe wima kama vitabu rafuni, mahali pasipo jua, wala zisilazwe moja juu ya moja. Zifutwe kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mfereji, na zishikwe pembeni, si usoni. Kanda nazo zisikae karibu na sumaku ya spika.

Kazi iliyo kubwa zaidi ni ya kalamu. Mwenye sahani na aandike katika daftari jina la wimbo, la mwimbaji, la wapiga gitaa na mwaka, maadamu wazee wanaokumbuka wako hai. Kijana anayetunga leo kwa simu naye na aandike hivyo hivyo, na mapatano yake na wenzake yatiwe sahihi kabla wimbo haujatoka. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.