Kitabu Chako, Ufunguo Wao

Julai 2009, baadhi ya wasomaji nchini Marekani waliwasha Kindle zao, vifaa vya Amazon vya kusomea vitabu vya kidijitali, wakakuta vitabu walivyolipia vimetoweka. Tena vilikuwa vya George Orwell: 1984, riwaya ya dola inayomchungulia raia hadi chumbani, na Animal Farm. Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza nchini humo, ikavifuta kutoka mbali na kurudisha pesa. Mwanafunzi mmoja alibaki na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya kazi ya shule, lakini kurasa yaliyozihusu hazikuwapo tena. Jeff Bezos, mkuu wa kampuni wakati huo, aliomba radhi.

Muuzaji hubakije na mamlaka juu ya kitabu kilichomo mkobani mwa mteja?

Kitabu cha namna hii hakishuki kwenye kifaa kikiwa wazi. Kwanza husimbwa: maandishi huvurugwa kwa hesabu hadi yasisomeke bila ufunguo, yaani msururu mrefu wa tarakimu. Ufunguo huo hufungamanishwa na akaunti yako na kifaa chako. Ukigusa jalada kwenye skrini, programu huutafuta, hufumbua maandishi, hukuonyesha ukurasa. Faili lenyewe hubaki limefungwa vilevile. Linakili kwenye flashi umpelekee dada yako: litafika zima, baiti kwa baiti, na kwake halitafunguka.

Wimbo wa MP3 usio na kufuli la namna hiyo ni habari nyingine. Ukishauweka kwenye memori kadi, simu yoyote itaupiga, hata duka lililouuza likifungwa kesho. Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za iTunes mwaka 2009. Kwenye filamu ililiacha. Na maduka hufungwa kweli. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, ikawarudishia wateja pesa zao, na vitabu vikaacha kufunguka.

Kwa kitabu cha karatasi, swali la nani ana neno baada ya kuuza, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaliamua tangu 1908. Mchapishaji mmoja alikuwa amechapa ndani ya riwaya onyo kwamba isiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mwenye haki akishauza nakala, hana tena neno juu ya bei itakayouzwa baadaye.

Kampuni ya ReDigi ilijaribu kuipeleka kanuni hiyo kwenye nyimbo za kidijitali zilizokwisha kutumika, ikashindwa mahakamani mwaka 2013 na tena katika rufaa mwaka 2018. Kiini kilikuwa cha kiufundi: kitabu huhama mkono, lakini faili halihami. Kompyuta inayolipokea huandika nakala mpya kwenye diski yake, hata ile ya kwanza ikifutwa papo hapo. Na kunakili ni haki ya mwenye hakimiliki.

Tangu Januari 2025, sheria ya California inamkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Iliyosamehewa ni ile ambayo mteja anaweza kuipakua na kubaki nayo daima, muuzaji asiweze kuifunga. Hiyo haihitaji maelezo: imeuzwa pamoja na ufunguo wake.